UZI: CCR5, jeni ambayo ikiharibika ndiyo inakulinda. Ila usikimbilie kusema unayo

#1 Mzee wa Hadubini

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja wa mahusiano jamaa alieleza kwamba shemeji yake kaishi na mwanamke mwenye VVU miaka sita, wamezaa, na kila akipima yuko salama. Wachangiaji wakagawanyika. Wengine "hiyo ni damu O", wengine maombi, wengine "vipimo feki hivyo". Akatokea mmoja akataja "jeni ya Wazungu", akashambuliwa mpaka akaukimbia uzi. Mimi mkate wangu naupata maabara, mwaka wa kumi na kitu sasa, nikaona nije nimtetee yule aliyekimbia. Nimtetee nusu tu, maana nusu nyingine alikosea.

Jeni ipo kweli. Inaitwa CCR5. Iko kwenye kromosomu ya 3, na kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Inatoa maelekezo ya kutengeneza protini ya asidi amino 352, ambayo inakaa juu ya baadhi ya chembe nyeupe za damu: chembe T, makrofaji na ndugu zao. Protini yenyewe imeshonwa kwenye utando wa chembe, inaingia na kutoka mara saba, kama sindano ya mshona mikeka.

Kazi yake ni kunusa. Mwili ukipata jeraha au mdudu akiingia mahali, eneo lile linamwaga kemikali zinazoitwa kemokini. CCR5 inazidaka, chembe inajua harufu inatoka wapi, inaifuata. Kwa hiyo ni pua ya askari. Haikuumbwa kwa ajili ya UKIMWI, haina habari na UKIMWI. Kirusi ndicho kiliikuta kikaigeuza kishikio cha mlango.

Hapa sasa ndipo utamu ulipo. Tangu 1984 ilijulikana kwamba VVU inashika protini nyingine iitwayo CD4. Hiyo ndiyo ile CD4 tunayohesabu kliniki. Lakini watafiti walipochukua CD4 ya binadamu wakaiweka kwenye chembe za panya, kirusi kilishika kikabaki pale nje. Hakikuingia. Maana yake kulikuwa na kitu cha pili kwenye chembe ya binadamu, na kwa miaka kama kumi hakuna aliyekiona.

Mwishoni mwa 1995 kundi la watafiti lililokuwa na Mmarekani Robert Gallo likatangaza jambo la kushangaza: kemokini tatu (RANTES, MIP-1 alfa na MIP-1 beta) zikiwekwa kwenye chembe, VVU inakwama. Kemikali ya kuita askari inamzuiaje mwizi? Mei 1996 Edward Berger na wenzake wakapata mlango wa pili wa kwanza (samahani kwa Kiswahili hicho), leo unaitwa CXCR4, ila huo hauzipokei zile kemokini tatu. Watu wakaanza mbio. Juni ya mwaka huohuo maabara tano, kila moja kivyake, zikatoa jibu lilelile: CCR5. Kumbe kemokini ikishakaa kwenye kiti, kirusi hakina pa kukaa.

Miezi miwili baadaye, Agosti 1996, ndipo ikaja habari ambayo yule jamaa aliyekimbia aliisikia nusu. New York kulikuwa na wanaume waliokuwa wamekutana na VVU mara nyingi mno bila kuambukizwa. Mmoja wao alikuwa msanii Stephen Crohn, ambaye mwenza wake alikufa mwaka 1982, enzi ambazo ugonjwa haujapata hata jina la kueleweka. Crohn alizika marafiki kwa makumi, akawa anawauliza wanasayansi: mbona mimi sifi? Chembe zake zikachukuliwa, zikamwagiwa virusi vingi kuliko kawaida. Hakuna kilichoingia. (Pembeni kidogo: huyu ni ukoo mmoja na yule daktari Crohn ambaye ugonjwa wa utumbo umeitwa jina lake.)

Walipoisoma CCR5 yake wakakuta nakala zote mbili zimekatika herufi 32 za DNA. Ndiyo maana inaitwa delta 32.

Kwa nini herufi 32 ziue protini nzima, wakati maelekezo yake yana herufi zaidi ya elfu moja? Kwa sababu DNA inasomwa tatu tatu, na 32 haigawanyiki kwa 3. Chukua sentensi hii:

UZI WAO NDO HUU

Toa herufi mbili tu, Z na I, kisha endelea kusoma tatu tatu: UWA OND OHU U. Umeona? Hukuharibu neno moja, umeharibu kila neno lililofuata. CCR5 yenye delta 32 inatoka fupi na imepinda, inabaki ndani ya chembe, haifiki juu. Kirusi kinakuja, kinashika CD4, kinapapasa kishikio, hakuna.

Ngoja ninywe chai, narudi.

#2 Kibatari

Nimekaa paleee na karanga zangu. Tiririka mzee.

#3 Tajiri Mtarajiwa

Mkuu kwa faida ya wengi, hiyo jeni inapimwa wapi na ni shilingi ngapi?

#4 Mzee wa Hadubini

Tajiri, nilijua utakuwa wa kwanza.

Kabla ya bei, sikiliza hesabu. Ulaya, katika kila nakala 100 za CCR5 kama 10 zina delta 32. Kaskazini kule, Finland na pande za Baltiki, zinapanda. Ukishuka kusini kuelekea Italia na Ugiriki zinapungua. Lakini ili ukingwe sawasawa unahitaji nakala zote mbili ziwe zimekatika, na watu wa namna hiyo ni kama 1 katika kila 100 hukohuko Ulaya. Mwenye nakala moja anaambukizwa kama kawaida, ila ugonjwa kwake unakwenda taratibu, kwa wastani anachelewa kama miaka miwili kufika hatua ya UKIMWI (hii ni kabla ya dawa).

Kwa Waafrika weusi delta 32 karibu haipo kabisa. Asia ya Mashariki hivyohivyo. Wamarekani weusi wanayo kidogo kwa sababu ya mchanganyiko wa damu.

Kwa hiyo kaka, kwa Kiswahili chako hicho nakisia babu zako hawakutokea Finland. Unataka kulipia kipimo ambacho jibu lake nimeshakupa bure.

#5 Chatu Mkubwa

Hapa ndo mnanifurahisha. Yaani ugonjwa unatumaliza sisi, halafu kinga "kwa bahati" wanayo wao tu. Na bado mnasema haukutengenezwa. Walijichanja kwanza wakatuletea.

#6 dkt_asiyelala

Chatu, hasira naielewa, hesabu ndiyo inakataa.

Mkato ule ni wa kale. Zamani walidhani una miaka kama 700, wakasema labda tauni ya karne ya 14 iliwaua wasio nao wakabaki wenye nao. Wengine wakasema hapana, ni ndui. Baadaye DNA ikaanza kusomwa kutoka kwenye mifupa ya makaburi ya kale, na mkato ukakutwa kwa watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya tauni hiyo. Mwaka 2025 watafiti wa Copenhagen walitoa makadirio kwamba asili yake ni mtu mmoja aliyeishi karibu na Bahari Nyeusi, kati ya miaka 6,700 na 9,000 iliyopita.

VVU yenyewe imetoka kwa sokwe kusini mashariki mwa Kamerun, ikasambaa kwa binadamu kutokea Kinshasa karibu mwaka 1920, wakati huo mji unaitwa Léopoldville. Sasa mtu wa zama za mawe alijichanjaje dhidi ya kirusi kilichokuja miaka elfu kadhaa baada yake?

Ila kuna kitu kingine kwenye andiko lako kinanigusa. Swali la kwa nini utafiti mwingi wa kinga hii umeng'ang'ania jeni ya watu wa Baltiki wakati wagonjwa wengi wako kusini mwa Sahara, hilo ni swali halali.

#7 Ochi wa Eastlands

Nipite hapo hapo daktari amewachia. Mimi ni wa Nairobi, na hii story mnayotafuta New York iko nyumbani.

Majengo, pale Pumwani, kuna kliniki ilianza miaka ya themanini, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Walikuwa wanatibu magonjwa ya zinaa kwa akina mama wanaofanya biashara ya ngono. Mzungu aliyejulikana sana hapo ni Frank Plummer, na kwa upande wetu Profesa Elizabeth Ngugi, nesi, ambaye alikuwa anakaa na hao akina mama chini anaongea nao kama dada. Virusi vilipofika vikawafagia. Lakini wakati wanafuatilia mwaka baada ya mwaka, wakaona kuna wanawake wachache hawapati. Wateja wale wale, mtaa ule ule, miaka na miaka. Mwaka 1996, mwaka uleule wa CCR5, wakaandika rasmi kwamba hii si bahati tu, kuna kitu.

Na hawana delta 32! Walipimwa, hawana. Mlango wao uko pale pale.

Kilichoonekana ni vitu vingi vidogo. Wengine wana aina fulani za HLA, zile alama ambazo chembe hutumia kuonyesha vipande vya mdudu kwa askari. Wengine walikuwa na chembe T ambazo tayari zinajua kukitambua kirusi, kama vile mwili ulishapigana nacho ukakifukuza mlangoni. Na kwa jumla kinga yao ilikuwa imetulia, haipigi kelele ovyo. VVU inapenda chembe iliyochangamka, ikikuta zimelala inakosa kazi.

Lakini sasa sikieni hii. Baadhi yao walipumzika, wengine walienda ocha (kijijini), wengine walipata bwana wakaacha kazi kwa muda. Waliporudi, wakaambukizwa. Hiyo kinga ilikuwa kama mazoezi, ukiacha inayeyuka.

Plummer alifariki Nairobi Februari 2020, alikuwa amekuja kwa sherehe ya miaka 40 ya ushirikiano huo. Wazee wa Pumwani bado wanamtaja.

#8 Kibatari

Karanga zimeisha, nimeagiza nyingine.

#9 Mzee wa Hadubini

Ochi, asante sana. Hilo la kupumzika kisha kuambukizwa mimi mwenyewe lilinikosesha usingizi nilipolisoma mara ya kwanza.

Turudi kwenye delta 32, maana hatujafika kwa Timothy.

Timothy Ray Brown, Mmarekani wa Seattle, alikuwa anaishi Berlin. Alijulikana ana VVU mwaka 1995, akawa anatumia dawa, maisha yanaenda. Mwaka 2006 akapata saratani ya damu. Tiba ya kwanza ya dawa haikutosha, akahitaji kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu. Daktari wake pale hospitali ya Charité, Gero Hütter, hakuwa mtaalamu wa UKIMWI, alikuwa mtaalamu wa damu. Ila alikumbuka habari ya delta 32. Akajiuliza: kama lazima nimtafutie mtu huyu uboho, kwa nini nisimtafutie wenye mlango uliofungwa?

Timothy alikuwa na bahati ya kipekee, wachangiaji waliolingana naye walikuwa wengi, zaidi ya mia mbili. Wakaanza kuwapima CCR5 mmoja mmoja, na karibu na namba ya sitini wakampata mwenye nakala zote mbili zilizokatika. Februari 2007 akapandikizwa, akaacha ARV siku ileile. Mwaka uliofuata saratani ikarudi, akapandikizwa tena kutoka kwa mchangiaji yuleyule. VVU haikurudi tena. Alikufa Septemba 2020 kwa saratani ileile ya damu. Miaka 13 bila virusi, bila dawa.

Msije mkadhani ilikuwa kama kubadilisha betri. Kwanza wanaua uboho wako wote kwa dawa kali au mionzi. Kisha kinga mpya inaingia, na kinga mpya ni mgeni, inaweza kukuona wewe ndiye adui ikaanza kukushambulia ngozi, ini, utumbo. Timothy baada ya upandikizaji wa pili alipata matatizo ya ubongo, ilibidi ajifunze upya kutembea. Watu wengi hufa katika hatua hiyo. Ndiyo maana hakuna daktari mwenye akili atakayemfanyia hivyo mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku na yuko fiti.

Baada yake wakafuata wengine. Adam Castillejo, mzaliwa wa Venezuela, London, alikuwa na saratani iitwayo limfoma ya Hodgkin, akapandikizwa 2016. Marc Franke wa Düsseldorf alipandikizwa 2013. Paul Edmonds wa California. Na mwanamke mmoja wa New York mwenye mchanganyiko wa damu, habari zake zilitoka Februari 2022. Huyu wa mwisho ndiye ananivutia, kwa sababu kwa mtu mwenye asili ya Afrika kupata mchangiaji anayelingana naye NA mwenye delta 32 ni kama kutafuta pweza Dodoma. Walitumia damu ya kitovu cha mtoto mchanga yenye delta 32, pamoja na chembe za ndugu yake za kumshikilia wakati hiyo ya kitovu inakua. Damu ya kitovu haihitaji kulingana sana kama uboho wa mtu mzima.

Dodoma hapo, Hospitali ya Benjamin Mkapa, siku hizi wanapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Kwa hiyo upandikizaji wenyewe si hadithi ya Ulaya tena. Kinachokosekana ni huo uboho wa delta 32.

#10 dkt_asiyelala

Naongeza mawili yanayoharibu hadithi kidogo, mtanisamehe.

La kwanza, Essen, Ujerumani. Mgonjwa alipandikizwa uboho wa delta 32 kama Timothy. Virusi vilirudi haraka. Kwa nini? Kwa sababu ndani yake kulikuwa na virusi vinavyotumia ule mlango mwingine, CXCR4. Mzee ameutaja mwanzoni akaupita. Virusi vinavyoambukiza mtu kwa mara ya kwanza karibu vyote vinatumia CCR5, lakini ugonjwa ukikaa muda mrefu bila dawa, baadhi vinajifunza kutumia CXCR4. Na huku kwetu hilo si dogo: aina D ya VVU, ambayo iko sana Uganda, ina tabia ya kuhamia CXCR4 zaidi ya aina nyingine, na wenye aina hiyo walionekana kuzidiwa haraka zaidi kabla ya dawa.

Ndiyo maana ile dawa ya kuziba CCR5, maraviroki, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2007, huwezi kumpa mtu bila kwanza kupima virusi vyake vinatumia mlango upi. Kipimo kigumu, ghali. Hamtaiona kwenye foleni ya dawa CTC, kliniki zetu za VVU.

La pili, Geneva. Mgonjwa alipandikizwa 2018 kwa uboho wa mtu mwenye CCR5 ya kawaida kabisa, hakuna delta 32. Akaacha ARV Novemba 2021. Virusi havikurudi. Kabla yake kulikuwa na wagonjwa wawili wa Boston, nao uboho wa kawaida, kila mtu alishangilia, halafu virusi vikarudi baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo sehemu ya uponyaji inafanywa na kinga mpya inayosafisha chembe za zamani zilizoficha virusi, na kufungwa kwa mlango kunazuia moto usirukie nyumba mpya. Nani anafanya kazi kubwa zaidi, hapo ndipo wataalamu wanavutana.

#11 Chatu Mkubwa

Sawa hayo nimeelewa. Sasa kama mlango ni mbaya, si watoto wote wafungwe tokea tumboni? Wachina si walifanya?

#12 Mzee wa Hadubini

Umenipeleka pazuri Chatu, leo umeamka na akili.

Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza kwamba amekata CCR5 kwenye viinitete (mimba changa kabisa, bado ziko maabara) kwa CRISPR, mkasi wa kukatia jeni, na wamezaliwa mapacha wa kike, akawapa majina ya bandia Lulu na Nana. Baba yao alikuwa na VVU. Akasimama Hong Kong mbele ya wataalamu wenzake kueleza, ukumbi ukamgeuka. Desemba 2019 mahakama ya China ikamfunga miaka mitatu na faini ya yuani milioni 3.

Kosa halikuwa moja. Mbegu za baba mwenye VVU zinaweza kusafishwa maabara na mtoto akazaliwa salama bila kugusa jeni yoyote, kwa hiyo hakukuwa na dharura. Halafu mkato alioufanya haukuwa delta 32 hata kidogo, zilikuwa herufi nyingine zimetoka au kuongezeka, hakuna binadamu aliyewahi kuishi nazo ili tujue zinafanya nini. Na mkasi haukukata kila chembe.

Halafu lipo hili: pua ya askari ina kazi. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba wenye nakala zote mbili za delta 32 wakipata kirusi cha West Nile wanaumwa vibaya zaidi kuliko wengine, maana askari hawafiki kwenye ubongo kwa wakati. Na West Nile ni ya wapi? Hapo Uganda! Ilipatikana mara ya kwanza 1937 kwa mwanamke mwenye homa, wilaya ya West Nile, ikapewa jina hilo. Mbu ndiye anaisambaza. Unaona mchezo? Mlango uliofungwa unakusaidia kwa kirusi cha Kinshasa, unakuponza kwa kirusi cha Uganda.

Tena kuna utafiti wa 2019 ulionyesha wenye delta 32 mbili wanakufa mapema kwa asilimia 21 zaidi. Kwa hiyo…

#13 dkt_asiyelala

Mzee, hapo umeteleza. Utafiti huo uliondolewa na waandishi wenyewe Oktoba mwaka uleule. Kipimo walichotegemea kilikuwa kinawakosa baadhi ya wenye delta 32 mbili, wakaonekana wachache kuliko walivyo, ikadhaniwa wamekufa. Walikuwa hai, kipimo ndicho hakikuwaona.

#14 Mzee wa Hadubini

Duh. Nakubali. Nilisoma ulipotoka, sikusoma ulipoondolewa. Wa maabara mzima naumbuliwa na kipimo. Futeni hiyo ya 21, ya West Nile iacheni.

#15 Mama Nuru

Habari za jioni. Mimi huwa napita kimya kimya tu, leo nimeshindwa.

Mume wangu anaishi na VVU tangu kabla Nuru hajazaliwa. Nuru yuko darasa la tano. Mimi na mtoto tumepima kila tulipoambiwa, tuko salama. Miaka yote hii nimeamini damu yangu ina kitu. Mama mkwe amenitangaza ukoo mzima kwamba mimi nina damu nzito. Sasa mnasema sisi Waafrika hatuna hiyo jeni. Basi mimi nina nini? Ni kama wale wa Pumwani?

#16 Mzee wa Hadubini

Mama Nuru, shikamoo kama umenizidi, maana sijui. Nikuulize kitu kimoja: mzee akipimwa wingi wa virusi, wanamwambiaje?

#17 Mama Nuru

Marahaba. Wanasema havionekani. Tangu mwaka wa pili wa dawa. Hajawahi kuruka.

#18 Mzee wa Hadubini

Basi jibu unalo, ila umelitafuta kwenye damu isiyo yake.

Rakai, Uganda, kabla ARV hazijafika vijijini, walifuatilia wenza 415 ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Waliambukizwa 90. Lakini pale ambapo mwenye VVU alikuwa na virusi chini ya 1,500 kwa mililita ya damu, hakuambukizwa hata mmoja. Hao hawakuwa na dawa, virusi vyao vilikuwa vichache vyenyewe tu. Na hata kwa jumla, katika wenza 100 kwa mwaka waliambukizwa kama 12. Ndiyo kusema yule shemeji wa miaka sita niliyeanza naye anaweza asiwe na muujiza wowote, anaweza kuwa na bahati tu, na bahati haina kadi ya kliniki.

Dawa zilipokuja, utafiti mwingine uliohusisha nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulitoa majibu 2011: mwenye VVU akianza dawa mapema, maambukizi kwa mwenza yanapungua kwa asilimia 96. Waliendelea kufuatilia, na pale virusi vilipokuwa vimefubazwa kabisa hakukuwa na maambukizi ndani ya ndoa.

Milango yako iko wazi kama ya sisi wengine, mama. Hakuna anayebisha hodi. Endelea kupima kama unavyoambiwa, ila kinga yako iko kwenye kopo lake la dawa.

#19 Mama Nuru

Ngoja nikae chini.

Ana kengele ya simu, inalia saa tatu kamili usiku, mlio wa jogoo. Miaka kumi namgombeza aubadilishe ule mlio, unamwamsha mtoto. Anasema akiweka mlio mzuri atausikiliza badala ya kuamka. Nimemwangalia sasa hivi, amelala kwenye kochi, simu iko kifuani.

Mama mkwe sijui nitamwambiaje, ameshanisifia mpaka kwa majirani.

#20 Ochi wa Eastlands

Mwachie sifa zake, mama. Za mkwe hazirudishwi.

#21 Tajiri Mtarajiwa

Wakuu bado sijajibiwa bei ya kipimo.

#22 Mzee wa Hadubini

Nunua kondomu Tajiri, chenji itabaki.